Siku Nne na Mizigo ya Watu

Asubuhi ya Alhamisi ya Kupaa, saa ambayo tulitakiwa tuwe tumeshaondoka, niligundua kwamba kwenye gari hakuna mahali pa kuweka miguu yangu. Lilikuwa gari dogo jekundu, la kukodi, na nilikuwa nimeliota kwa wiki kadhaa: yeye kwenye usukani, mimi pembeni yake, bahari dirishani. Nilipofungua mlango wangu nilikuta kiti kimekaliwa na sufuria. Simaanishi sufuria ya wali wa watu wanne. Ilikuwa sufuria ya msibani, mtoto angeweza kuogea ndani yake, na mume wangu alikuwa ameifunga mkanda.

Akanieleza kwa upole kwamba sufuria ile inaenda kwa mama mmoja Norrköping, si mbali, na kwamba hadi hapo ningeweza kuipakata. Kiti cha nyuma kilikuwa na kinanda cha umeme cha kwaya, mfuko wa unga wa muhogo, vitenge vya harusi ya mtu nisiyemjua, na makayabu, wale samaki wa chumvi wa Kikongo, waliofungwa kwenye plastiki tatu na bado walinuka kama wametandazwa mapajani mwangu.

Kosa lilikuwa langu, naliungama. Nilimwambia mtu mmoja tu, kiongozi wetu wa kwaya anayeishi Jordbro, kwa sababu ilibidi niombe ruhusa ya kukosa mazoezi ya Jumamosi. Nilisahau tulivyo. Kwa sisi Waswahili wa Stockholm, uwe wa Kongo, wa Tanzania au wa Burundi, safari haiwi ya mtu mmoja. Mtu akisikia unapita mji ambao ana ndugu yake, tayari wewe ni mjumbe. Posta ipo, na inafanya kazi vizuri, lakini posta haiingii ndani ikakaa, ikala, ikaeleza mama yako anaendeleaje. Hadi Jumatano jioni kengele ya mlango wetu ililia mara sita, na mara zote sita mume wangu alisema hamna shida.

Hapa ndipo penyewe. Mume wangu hajui kusema hapana. Ni dereva wa basi, na kazi hiyo aliipata kwa sababu ndivyo alivyoumbwa: hawezi kumwacha mtu kituoni. Akimwona anayekimbia mbali huko, mkoba ukimpigapiga mgongoni, anamsubiri. Abiria wanampenda sana. Mimi, mkewe, nilikuwa nimeanza kuchoka.

Tulikuwa tunaishi Husby, vyumba vitatu, watu wanane na choo kimoja: kaka yake mkubwa na mkewe, watoto wao watatu, binamu mmoja, na sisi wawili katika chumba ambacho mlango wake haukufunga sawasawa. Mimi ni mtu wa Dodoma, yeye ni wa Bukavu. Tulifunga ndoa kwetu mbele ya watu mia tatu, akakaa siku kumi, akarudi kazini. Nikasubiri kibali miaka miwili. Nilipofika Stockholm nikamkuta anaingia zamu saa kumi alfajiri, nami nikapata kazi ya jioni ya kutunza wazee. Tukawa watu wa kuonana mlangoni, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa. Mwaka mmoja na nusu wa ndoa ya namna hiyo, na nilikuwa sijui bado kama mume wangu anapenda chai iwe na tangawizi au la.

Halafu, Ijumaa kabla ya safari, ikaja barua. Mwaka wake wa kwanza Uswidi aliandikishwa kwenye foleni ya nyumba, akaisahau kabisa. Foleni haikumsahau. Baada ya miaka tisa ilikuwa inampa vyumba viwili na jiko Jakobsberg, ghorofa ya tatu, dakika chache kutoka kituo cha treni. Sebule moja, chumba kimoja cha kulala. Jibu lilitakiwa Jumatatu kabla ya saa sita mchana, ama nyumba inakwenda kwa mwingine. Niliisoma barua mara nne, mara ya tano nikaisoma nimesimama juu ya kitanda. Yeye aliisoma mara moja, akaikunja, akasema, "Tutaona."

Tutaona ndiyo hapana yake. Aliiweka akiba kwa ajili yangu, maana wengine wote aliwapa ndiyo. Nilinuna siku mbili. Mwishoni tukakubaliana hivi: tunakwenda safari yetu, siku nne, kufuata pwani kwenda kusini, na kabla hatujaingia tena Stockholm awe amenijibu. Nikakubali kwa sababu niliamini kwamba mtu akiwa peke yake na mkewe mbele ya bahari atakuwa na akili. Ndiyo maana ile sufuria iliniuma. Niliipakata hadi Norrköping, kidevu changu juu ya kifuniko, sikuona bahari, niliona alumini.

Norrköping tulipanga dakika tano. Mama mwenye sufuria alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kutosha kanisa zima bila kipaza, na alituambia tunywe hata maji tu. Yale maji yalikuja na bugali, sombe ya majani ya muhogo, kuku na maombi ya kushukuru kwamba sufuria imefika salama. Niliangalia saa ya ukutani kwa jicho la kuiba. Tulipoinuka, saa tatu zilikuwa zimepita, na yule mama alishaweka mlangoni mifuko miwili ya mihogo ya barafu, mmoja wa Västervik na mmoja wa Kalmar, maana tunapita huko. Mzigo mmoja ulishuka, miwili ikapanda. Mume wangu akasema hamna shida.

Barabarani sikumsemesha. Nina hasira za karibu, na huwa nazitunza vizuri. Alijaribu kuniuliza kama nasikia joto, kama nasikia baridi, kama nataka redio. Kisha, kwa sauti nyembamba ya kike, ile ya kwenye mashine ya basi inayotangaza vituo, akatangaza kwa Kiswidi kwamba kituo kinachofuata ni Mke Aliyenuna. Akatangaza kwamba abiria wa kwenda Msamaha wabadilishe hapo. Nilijikausha. Akatangaza kwamba kwa sababu ya mihogo kwenye reli kutakuwa na ucheleweshaji, na kampuni inaomba radhi. Nikacheka hadi nikafungua dirisha. Nilichukia kucheka, lakini nilicheka, na makayabu wakapata hewa.

Västervik nilikuwa nimeweka nafasi katika kibanda cha mbao kwenye kambi ya watalii, ufukweni kabisa, chenye vitanda viwili na jiko la kijinga la umeme, la sahani moja. Sikukiona. Kinanda kilikuwa cha kwaya ya huko, kililazimika kujaribiwa, na ili kijaribiwe iliitwa kwaya, na kwaya ikaja yote, watu wanane kwenye sebule ya kochi moja, wakaimba nyimbo zote wanazozijua na mbili wasizozijua. Wenyeji wetu, mume na mke kutoka Uvira, walikataa kata kata tulale kambini kama watu wasio na ndugu. Walitupa kitanda chao wenyewe. Alfajiri binti yao wa miaka minne, ambaye hakuna aliyemwambia habari za wageni, aliingia, akapanda, akajilaza katikati yetu, akaniuliza kwa Kiswidi mimi ni nani. Mume wangu akafumbua jicho moja, akanitazama juu ya kichwa cha yule mtoto, na sote wawili tukaanza kutetemeka kwa kicheko tusichoweza kukitoa. Lakini nilikuwa nahesabu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Ijumaa ile Waswidi huiita siku iliyobanwa, kwa kuwa imebanwa kati ya sikukuu na wikiendi, na nusu ya nchi haifanyi kazi. Tuliacha barabara kuu tukachukua njia ndogo ya pwani, ya misonobari na nyumba nyekundu na visanduku vya barua. Hapakuwa na gari. Mume wangu aliendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa umeshika wangu, na nilikuwa nimeanza kutafuta namna ya kuileta Jakobsberg kwenye mazungumzo bila kuonekana nimeileta. Ghafla akaweka indiketa, akapunguza mwendo, akasimama vizuri kabisa, sambamba na ukingo wa barabara.

Tulikuwa kwenye kituo cha basi. Kwenye kituo alisimama bibi mmoja wa Kiswidi, mwembamba, mwenye kofia ya sufu na toroli la vitu vya dukani.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini amesimama. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Hakujua. Miaka saba ya kuona mtu kwenye kituo na kusimama, mkono wake ulikwenda wenyewe. Kabla hatujaamua la kufanya, yule bibi alishafungua mlango wa nyuma, akasukuma mihogo kidogo, akakaa na kufunga mkanda. Alisema asante sana, ratiba ya leo ni ya sikukuu na yeye hakuikagua, kwa hiyo basi lake lingekuja baada ya saa mbili nzima. Akasema anashuka pale njia inapoishia. Mume wangu akamwambia karibu, akaangalia kioo cha pembeni, akaondoka taratibu ili mzee asiyumbe. Nilikuwa nauma leso.

Bibi alinusa. Aliuliza ni samaki gani. Tulimweleza, kwa aibu, nusu Kiswidi nusu mikono, na yeye akasema baba yake alikuwa mvuvi na alikuwa akitia samaki chumvi kwenye mapipa, na kwamba hajasikia harufu ya maana kwenye gari tangu utotoni. Kilomita kama kumi na tano hivi tukapiga soga. Njia iliishia kwenye nyumba yake, na chini ya nyumba palikuwa na gati dogo la mbao lililoingia baharini. Alituambia watoto wake hawaji hadi sikukuu ya katikati ya kiangazi, na sisi tukitaka kukaa pale tukae tupendavyo. Alituletea kahawa kwenye chupa na vikombe viwili, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Hakukaa nasi. Hakutuuliza ya nyumbani. Nilikuwa tayari kumwomba anichukue kama binti yake.

Simu haikushika mtandao. Nakumbuka tulizitazama simu zetu, tukatazamana, tukaanza kucheka kama wanafunzi ambao mwalimu hajafika. Tukavua viatu. Mimi mtoto wa Dodoma, ambako maji ni ya ndoo, nilitumbukiza mguu katika bahari ya Uswidi mwezi wa tano na nikapiga yowe lililoinua ndege wote kwenye kisiwa cha mbele. Mume wangu akasema nimeogopa bure, akaingia hadi magotini, akanyamaza kidogo, kisha akatoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake. Maji yale hayakuwa hata na chumvi ya maana, niliyaonja. Tuliingia na kutoka, tukishikana mikono, tukisukumana, tukila mihogo mibichi iliyoanza kuyeyuka tukaona haifai, tukaacha. Nilijifunza kwamba hapendi tangawizi. Nilijifunza kwamba anaogopa bata.

Jua lilipotulia migongoni mwetu nilimuuliza waziwazi: tunaichukua ile nyumba?

Hakusema tutaona mara moja. Alinisimulia siku aliyofika Stockholm, mwezi wa kwanza, akiwa na shati na sweta. Kaka yake mkubwa, ambaye wao humwita yaya, alikuja kumpokea uwanja wa ndege akiwa amevaa koti zuri. Akalivua palepale akamvisha. Wakatoka kwenda kwenye basi, na yaya alirudi hadi Husby kwa shati tu, meno yakigongana, akisema hasikii baridi. Ni yaya huyo huyo aliyemwandikisha kwenye foleni ya nyumba, aliyemtafutia shule ya udereva, aliyempa chumba. "Sheri," mume wangu akasema, ndivyo wao wanavyoita mpenzi, "mutu alikupa koti yake. Utamwambia namna gani, sasa minatoka kwako?"

Niliona machozi yake na nilimpenda, na papo hapo nilikasirika, kwa sababu lile koti nilikuwa nalivaa mimi pia sasa, na lilinibana. Nikamwambia hivyo. Akavaa viatu vyake kimoja kimoja, kisha akasema, "Tutaona." Nikachukua vikombe nikamrudishia bibi.

Jumamosi, baada ya usiku wa kulala garini na mizigo, tulifika Kalmar tukiwa na makayabu, vitenge, unga na muhogo uliokwisha kuwa laini. Vyote vilikuwa vya nyumba moja, ghorofa ya pili. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilijua tutakula, tutaombewa, tutalala hapo, Jumapili itafika na Jumatatu itafika. Mume wangu alizima gari, akaushika usukani kwa mikono miwili. Akaniuliza watu hapa Uswidi wanakubali udhuru gani bila kukasirika. Nikafikiri, nikasema ni mmoja tu: muda wa maegesho kuisha. Kwa hilo mtu anaweza kuondoka hata kwenye ubatizo.

Tulipanda. Mlango ulifunguliwa na baba mnene mwenye furaha, na nyuma yake nikaona meza imeshatandikwa. Mume wangu akampa mizigo yote kwa pamoja, akamsalimia kwa mikono miwili, akampa salamu za kila mtu kwa pumzi moja, kisha akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake kwamba maegesho yanaisha dakika hii. Baba akaanza kusema hata maji tu. Tukakimbia. Naapa tulikimbia, ngazi mbili mbili, mimi viatu mkononi, yeye akiniambia nisicheke, mwenyewe akicheka hadi kushika ukuta. Maegesho yalikuwa ya bure. Tuliondoka kama wezi, na tulipofika kwenye lile daraja refu la kwenda kisiwa cha Öland, bahari kushoto, bahari kulia, gari tupu nyuma yetu, alipiga honi mara tatu bila sababu yoyote. Akasema hakujua kwamba inawezekana. Kisha akahuzunika kwa ajili ya yule baba na meza yake, akasema akifika atampigia simu amwombe radhi, kisha akaanza kucheka tena.

Siku ile ndiyo niliyokuja kuitafuta. Tulilala kwenye kibanda kingine, nacho chenye jiko la kijinga, tukala soseji zilizoungua, upepo ukatupuliza hadi tukatembea kwa kuinama. Sikuitaja Jakobsberg hata mara moja. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliogopa kuigusa, na nilikuwa na hofu kiasi kwamba nilifurahi kwa nguvu zaidi.

Jumapili tukageuza gari. Jibu lilikuwa halijaja. Kila kibao kilichoandikwa Stockholm kilikuwa na namba ndogo kuliko kilichopita, na nilianza kuzisoma kimoyomoyo. Kabla ya Norrköping simu yake ililia. Yeye hashiki simu akiendesha, kazi imemfundisha, akaingia kwenye kituo cha mafuta, akasimama, akapokea. Alikuwa yaya, na yaya akizungumza kwenye simu huzungumza kana kwamba kati yake na wewe kuna mto, kwa hiyo nilisikia yote.

Kulikuwa na kijana wa ukoo, ametoka Denmark, yuko Norrköping anasubiri kwa yule mama wa sufuria. Yaya alishamwambia tutampitia, kiti cha nyuma si kipo. Na akifika Husby atalala chumbani kwetu kwa muda, sisi tutahamia sebuleni, wiki chache tu hadi apate pa kwenda. Yaya hakuwa anaomba. Alikuwa anapanga, kama alivyopanga kila kitu, kwa wema, kwa watu wote.

Mume wangu aligeuka. Alitazama kiti cha nyuma. Hapakuwa na kitu, ila unga kidogo wa muhogo kwenye zulia. Nilijua hamna shida inakuja, niliiona ikipanda kooni kwake.

"Hapana, yaya," alisema. "Motokari imejaa."

Yaya akauliza imejaa nani.

"Tuko babili." Yaani wawili.

Nilisikia watoto wakigombana kwa Kiswidi huko Husby, na maji ya bomba. Mume wangu alikuwa ameloa jasho shingo nzima. Akaendelea haraka haraka, kabla hajakosa nguvu: kwamba yule kijana apande treni, yeye mwenyewe atakwenda kumpokea stesheni, na atampa koti lake. Na chumba akichukue chote, asimsumbue mtu sebuleni, kwa sababu ile foleni ambayo yaya alimwandikisha imetoa nyumba, Jakobsberg, na kesho asubuhi anapiga simu kusema tunaichukua.

Yaya aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kuko chumba ya wageni?"

Mume wangu akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anatabasamu kwa hofu.

"Hakuna, yaya," akasema. "Hakuna kabisa."

Na yule kaka mkubwa, nilimsikia kwa masikio yangu, akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, akasema basi, atakuja mchana, ale, arudi kwake. Mume wangu aliweka simu kwenye dashibodi. Nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi yetu, na nilimwambia, palepale, kwa sauti kubwa, mbele ya mtu aliyekuwa anajaza mafuta. Tulikaa kidogo. Kisha akafunga mkanda, akaangalia vioo vyote vitatu, na tukarudi barabarani.